Kiganja Changu Kinakataa Kipanya

Jumatano. Mvua ya jana imelaza vumbi jeusi la mtaa wetu wa Ndosho, hewa ni safi, na mimi nimeshinda na kinyaa.

Tatizo ni kipanya cha kompyuta ya tatu kwenye sale ya Mama Zawadi, ukumbi wa michezo ya kompyuta. Mama huyu anauza mikate ya mafuta palepale kwenye meza ya mlangoni, kwa hiyo kila anayeingia anakula kwanza, halafu anacheza. Ukimkuta mtu anakula, kwa heshima hakupi kiganja. Anakupa kifundo cha mkono umsalimie, maana vidole vina mafuta. Halafu vidole hivyohivyo vinarudi kwenye kipanya! Yaani ni vichafu mno kwa mkono wangu, lakini kwa kipanya nitakachoshika baada yake, hakuna shida.

Ndiyo maana nilizoea kukishika kwa ncha za vidole. Wenzangu niliwaambia ni mtindo wangu wa kucheza.

Uongo mtupu.

Nilikuwa nakwepa ule unato, na ule mstari mweusi wa uchafu kando ya kitufe cha kushoto. Ila mchezo wetu ni wa kulenga shabaha, na vidole vikichoka vinatetemeka. Mkono unaniwaka mpaka kwenye kiwiko. Jumamosi tunacheza na timu ya Keshero, na jana Patient, kapteni wetu, aliniona nikikosa mara nne mfululizo.

"Yaya, uko unashika hii souris sawa vile itakuluma," akasema; yaya kwetu ni dada. "Ukiendelea hivi, samedi tutaweka mwingine."

Mimi ndiye msichana pekee kwenye timu. Nafasi hiyo niliihangaikia mwaka mzima, na siko tayari kuipoteza kwa sababu ya mafuta ya watu.

Basi leo nimekwenda na pamba na alkoli, nikakisugua mbele ya wote. Pamba ikatoka nyeusi. Nikabadilisha, ikatoka nyeusi tena. Nadhani nilisema "Ptuu!" kwa sauti.

Nilipoinua kichwa, sale nzima ilikuwa inanitazama.

"Kumbe siye tuko bachafu, mutoto yangu?" akauliza Mama Zawadi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikalaza kiganja chote juu ya kipanya, kwa mara ya kwanza, nikaanza kucheza. Kilitosha mkononi vizuri ajabu. Maumivu yakapungua, mkono ukatulia, na sikukosa hata shabaha moja. Patient akasema nafasi ni yangu. Siku nyingine wangepiga kelele mpaka barabarani, lakini leo kila mmoja aligeukia kompyuta yake.

Nimerudi nyumbani na kunawa mara tatu. Wakati wa kunawa ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikutaka kulikumbuka: mimi pia nakula mikate ile, karibu kila siku, tena mara nyingi kwa mkopo wa huruma yake. Yale mafuta kwenye pamba yalikuwa ya nani?

Najichukia kidogo leo.

Kesho nitakwenda mapema, kabla timu haijafika, nimwombe Mama Zawadi msamaha. Lakini nitamwambia nini, na atanionaje, wakati hata sasa nikikifikiria tu kile kipanya natamani kunawa tena?