Anaupa Mlango Mgongo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamponza mtu au kunyamazia uongo. Mimi ni askari mstaafu, nililala stendi kwa muda ambao sipendi kuusema, hadi nilipopokelewa katika nyumba inayotutunza sisi tuliovua magwanda tukakosa pa kwenda, na humo nimerudi kuwa mtu, nanyoa ndevu, napika zamu yangu, nimepata kazi kwenye karakana ya kuchomelea mageti, na mlezi wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, ameshanikabidhi ufunguo wa chumba cha kujitegemea ng'ambo ya uani, ila bado unaning'inia msumarini kwa sababu siwezi kuhama nikaliacha jambo hili bwenini. Kuna mwenzetu mpya tunamwita Kimya. Mshauri, yule si askari. Blanketi analikunja kama anafunga mzigo wa sokoni, mezani anakaa ameupa mlango mgongo, jambo ambalo hakuna askari anayeliweza, na juzi mfuniko wa sufuria ulipoanguka sakafuni sote tulijikuta chini ya meza, yeye akabaki ameketi na kijiko mkononi. Nilimuuliza alikuwa kikosi gani, akanijibu, "Kikosi cha waliochoka, afande," wenzangu wakacheka hadi wakapaliwa. Nilipomweleza mlezi, alisema historia ya Kimya ameikagua mwenyewe, kisha akaniuliza nahama lini. Nimeanza kumshuku hata yeye. Nikipeleka habari kwa wafadhili, Kimya atarudi barabarani na mvua hizi, nikinyamaza, askari wa kweli ataendelea kulala stendi huku kitanda kimekaliwa na tapeli. Nifanye nini?

Mchomeleaji

Afande Mchomeleaji,

Pole kwa stendi, na hongera kwa kazi. Sasa tusikilizane. Umeniandikia habari za Kimya, lakini macho yangu yamebaki kwenye ule ufunguo msumarini.

Nimekaa na wastaafu wengi. Wapo wanaojitupa chini wakisikia kishindo, na wapo wanaoganda wasiweze hata kutua kijiko. Wewe uliyekuwa chini ya meza, uso wake uliuonaje? Na mezani, nani hukaa akimtazama yeye na mlango nyuma yake? Nadhani ni wewe. Mtu akijua mlango una mwangalizi, anaweza kula bila kugeuka.

Sisemi ni malaika, sijamwona. Ila mlezi amekagua, wewe umekisia. Kama kuna uongo ulioushuhudia, useme mara moja kwa mlezi, Kimya akiwepo, kisha unyamaze. Kwenda kwa wafadhili kwa ajili ya blanketi ni fitina, na wakijitoa mtalala nje nyote.

Tena umemtaja askari wa stendi. Huyo ana shida kweli, lakini kitanda anachokikosa si cha Kimya. Ni hicho unacholalia wewe, mwenye chumba chako tayari. Unaogopa kufunga mlango ukabaki peke yako. Si aibu, afande, wengi huogopa hivyo. Aibu ni kutafuta tapeli wa kukuzuia usihame.

Jumapili hii utoe ufunguo msumarini. Mwombe Kimya ashike upande wa pili wa meza utakayohamia nayo mkivuka uani. Mkishaipanga, chemsha chai, mwachie yeye kiti kinachotazama mlango, nawe uupe mgongo.