Kaburi Lililongoja Reli

Baba, shikamoo.

Ni mimi binti yako mkubwa. Shule ya misheni nimeimaliza, kwa hiyo naandika mwenyewe.

Tangu ufariki, kaburi lako hapa mgombani lilikuwa wazi. Baba mdogo alilichimba siku habari ilipofika, akidhani unaletwa. Kumbe wenzako wa reli walikuwa wameshakuzika Moshi, nyuma ya stesheni. Wazee wakasema kaburi lisipopata mtu wake huita mwingine, tuzike shina la mgomba badala yako. Mama akagoma. "Nizike mgomba, na mume wangu yuko njiani?"

Wewe ndiye uliyemwambia, Baba. Ulisema stesheni ile ni ya muda, miti na bati tu, reli ikisogea kuja Arusha itang'olewa. Mama akaapa kwamba siku hiyo, ardhi ile ikiachwa na reli, tutakwenda kukuchukua.

Tukalifunika kaburi kwa majani makavu ya migomba. Niliogopa hata kupita karibu. Nikienda mtoni nilizungukia kwa jirani. Kisha mdogo wangu, yule uliyekuwa ukimbeba begani akivuta masikio yako, akashikwa na homa. Sote tukatazama mgombani.

Ndipo nikafuatana na baba mdogo hadi Moshi, kuona kama tunaweza kukuchukua. Baba, stesheni sasa ni ya mawe. Pale ulipolala wamejenga ghala, sakafu yake saruji. Nikamwuliza fundi mmoja stesheni itavunjwa lini. Akacheka. "Ivunjwe? Reli imechoka kutembea, binti. Hapa ndipo ilipolala." Wachukuzi walikuwa wakibwaga magunia juu yako, puu, puu. Kila gunia lilipoanguka nilifumba macho.

Mama nilimwambia mwenyewe. Hakulia. Alichukua panga akakata mgomba, akauvika shuka lako la baridi, lile ambalo bado lilikuwa na harufu ya tumbaku. Tuliuzika jana. Baba mdogo aliposawazisha udongo, Mama akauliza, "Baba yenu atajua kuwa mgomba huu ni yeye?"

Mwalimu alitufundisha kwamba wafu hawaiti mtu. Nataka kuamini. Lakini homa ya mtoto imepanda tena asubuhi hii, na katika usingizi anasema, "Baba, ngoja."

Usimngoje. Kaburi limejaa, Baba. Nitakuja Moshi mimi, kila nitakapopata mtu wa kufuatana naye, nikae nawe hapo kando ya ukuta wa ghala mpaka uchoke nami. Huyu mwachie Mama.

Kwaheri, Baba. Lala.