Uzi Mweusi na Vidole vya Emanueli

Bwenini, Kasulu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yake kabla hujasoma zaidi, maana najua ameketi karibu nawe akisubiri kusikia. Kifua chake kimepoa? Na maharage ya bondeni yamestahimili mvua? Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi hapa ni kama ya huko Busunzu, ila huku hakuna moto wa kuota kabla ya darasa, na ugali wa bweni husongwa na mtu asiyekujua. Nimeuzoea.

Ninaandika kwa haraka kwa sababu Mama Bukuru ameshauza maharage yake sokoni hapa na anarudi huko nyumbani leo. Barua hii lazima ifike kabla ya Jumapili.

Ni habari ya mkono wa Emanueli. Nilipokuwa likizo, Dada Leokadia akilia juu ya vidole viwili vya mwanawe vilivyozaliwa vimeshikana, mimi ndiye niliyesema, "Si mfunge uzi kama mlivyomfunga Bukuru?" Bukuru alizaliwa na kidole cha sita, Bibi akakifunga uzi mweusi, kikaanguka. Mkanisikiliza kwa kuwa nasoma sayansi. Sasa naambiwa Bibi ameandaa sindano, na Jumapili atatoboa ile ngozi ya katikati, apitishe uzi, aukaze kila asubuhi mpaka vidole viachane. Mama, nilikosea. Tafadhali msifanye.

Wiki hii Mwalimu Odilia, anayetufundisha baiolojia, ametueleza jinsi seli zinavyokufa. Seli ni vile vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo mwili umejengwa kwavyo. Alichora mwiko ubaoni, tukacheka, mmoja akauliza kama leo tunasonga. Akasema mkono wa mtoto tumboni huanza hivyo, bapa, bila vidole. Kisha seli za katikati hupokea ujumbe kwamba kazi yao imekwisha. Zinakufa, nafasi inabaki, vidole vinaonekana. Nilitazama mkono wangu mpaka nikasahau kuandika.

Ujumbe huo hubebwa na protini. Mimi nilijua protini ya maharage tu. Unakumbuka tulipojenga kanisa, tukasimama mstari kutoka barabarani, kila mtu akimpokeza mwenzake tofali? Protini nazo hupokezana hivyo ndani ya seli, moja ikiiamsha nyingine. Zipo zinazoizuia seli isife ovyo, na zipo zinazoisukuma. Zinazosukuma zikishinda, huamka protini ziitwazo kaspesi, nazo hukata kama visu. Seli inasinyaa, inagawanyika vipande, inajifunga vifurushi vidogo, na seli za jirani zinavimeza. Hakuna usaha wala harufu. Sijawahi kusikia kifo chenye adabu kama hicho, na kinatokea ndani yetu kila siku bila kutuamsha usingizini.

Baada ya kipindi nilimfuata Mwalimu nikamweleza yote, hata kosa langu. Nilimuuliza Dada alikosea nini alipokuwa mjamzito, maana najua maneno anayosemwa huko kwa wakwe zake. Alinijibu taratibu.

"Hakukosea kitu. Pale katikati ujumbe haukufika vizuri, na mara nyingi hata sisi hatujui kwa nini."

Nikauliza kama uzi unaweza kufanya kazi ambayo ujumbe haukuifanya.

"Uzi haupeleki ujumbe, Anisia. Uzi unanyonga. Nyama ikinyongwa inaoza, na mtoto anaweza kupoteza mkono."

Alisema daktari wa upasuaji anaweza kuvitenganisha vidole na kufunika kidonda kwa ngozi, Emanueli akikua kidogo. Sasa mpelekeni tu hospitali ya wilaya aonwe, waandike rufaa. Haumwi. Kunyonya ananyonya, na kidole changu alikishika kwa mkono huohuo nisiweze kukitoa.

Kama Bibi atasema cha Bukuru mbona kilipona, Mama Bukuru mwenyewe atamjibu. Nilipomsomea niliyoandika mpaka hapa, getini, alisema, "Kilinuka siku nne. Mwanangu alichemka homa, nami nikaogopa kumwambia Bibi yako, naye ni mama mkwe wangu." Mpeni kiti aseme.

Bibi asione namdharau. Mikono yake ndiyo iliyonipokea nilipozaliwa, na Mwalimu amesema mtu anayethubutu kumtibu mtoto wakati wengine wanalia tu ni mtu wa kuheshimiwa. Mimi nataka niwe kama Bibi, ila niwe na vitabu pia. Nikifaulu, nitasomea udaktari, Mungu akipenda.

Msalimie Baba, umwambie daftari alilonifungia kwa gazeti bado halijachanika. Msalimie Dada Leokadia, umsomee mara mbili pale Mwalimu aliposema hakukosea kitu. Msalimie katekista aliyenifundisha kusoma. Emanueli mbusu vidole vyote vitano.

Jambo la mwisho ni la Bibi. Sweta yangu imekatika vifungo viwili, na baridi inaingia. Namwomba anipe ule uzi wake mweusi, wote, pamoja na sindano. Mama Bukuru anakuja tena sokoni Jumatatu. Nitamsubiri getini, na nikiuona uzi mkononi mwake, nitalala.

Ni mimi binti yako,
Anisia