Majani Chini ya Gari la Baba Mkwe

Stanka, nimekupigia hupokei. Soma hii sasa hivi.

Nilikuwa nasafisha gari la baba mkwe twende makaburini na ngano ya kuchemsha ya kumwombea marehemu mama mkwe. Nikafungua ile plastiki ndani ya madigadi. Majani ya ule mti wa mjozi wa uani yamejaa, yameoza, yameshikana kama samadi.

Unamjua, kila vuli anapaka oili chafu chini ya gari eti kutu isiingie. Kumbe anapaka juu ya majani. Miaka yote hii, juu ya majani.

Nikavuta, chuma kikaja na majani. Nikaingiza mkono kwenye tundu nikagusa kapeti la ndani, pale mwanangu Raya anapoweka miguu akikaa mbele na babu yake.

Nikamwita mzee. Akachungulia, akasema, "Nani kakutuma kuchokonoa? Rudisha majani."

"Baba, sakafu haipo."

"Gari hili lilimpeleka mke wangu kaburini na halikulalamika. Na darasa lako la saba, ufundi umeusomea wapi?"

Rudisha majani. Ndivyo alivyoniambia. Na Plamen, mume wangu, kasimama na sufuria ya ngano.

Nikaenda kunawa. Oili haitoki upesi. Narudi uani, gari hakuna. Raya hakuna.

Wameondoka wote, na Plamen hapokei simu. Lazima wapite mlangoni kwako kabla ya ule mteremko wa makaburini. Simama katikati ya barabara. Mzee akitukana, mwache atukane. Mtoe mtoto kwanza.