Dimbwi Mbele ya Gurudumu

Dada yangu Rositsa,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo huko Varna. Sisi tupo, cheri zimeiva, na Mama bado amenuna kwa sababu nakwenda kufanya kazi Austria. Wiki nzima anaongea nami kupitia paka.

Jana niliosha pikipiki ili nianze safari. Ilipokauka nikaingia kuvaa. Kutoka, nakuta dimbwi mbele ya gurudumu! Jirani yetu Nayden akacheka kutoka juu ya ukuta: "Rejeta imekufa hiyo! Nunua punda, kijana."

Nikaahirisha safari. Nikakagua mipira yote ya maji, nikatandika boksi chini ya injini. Boksi likabaki kavu, na maji ya kijani ya kupoza injini ndani ya rejeta hayakupungua hata kidogo.

Leo nikafunga mizigo tena, nikajifanya naingia kuvaa, nikachungulia dirishani. Mama akatoka na birika la shaba, akamwaga maji mbele ya gurudumu taratibu, kama alivyokumwagia wewe mlangoni ulipokwenda chuo, ili safari iende laini kama maji. Kisha akaifuta taa ya pikipiki kwa aproni yake, akasimama hapo, ameishika.

Nilitoka nikainama kwenye injini kama fundi.

"Mama, bado inavuja. Labda niondoke Jumatano."

Hakunitazama. Akamgeukia paka.

"Mwambie huyo supu inapoa. Na Alhamisi ndiyo siku nzuri ya kusafiri."

Mdogo wako akupendaye, ambaye bado yupo nyumbani,
Kamen