Gorogoro Tatu za Mchanga

Jumatatu, 3 Machi 2025

Hili sijawahi kumwambia mtu. Kwenye ripoti yetu ya mashindano ya sayansi niliandika, "Mizigo ilipimwa kwa mizani." Haikupimwa. Mizani ya maabara iliharibika mwaka jana, na hapa Isebania nani hajui mkebe wa gorogoro ni kilo mbili? Tulijaza mchanga gorogoro tatu, tukamimina kwenye kiroba. Kilo sita. Nani angeuliza?

Hakuna aliyeuliza! Tulishinda kaunti. Jumanne ijayo ni mashindano ya kanda, Homa Bay.

Mradi wenyewe ni rahisi. Mwenzangu Magige anakunja kiwiko, anashika kiroba bila kusogea. Msuli umeshikamana na mfupa karibu sana na kiwiko — sentimita tano hivi. Mzigo uko sentimita thelathini na tano. Kwa hiyo msuli lazima uvute mara saba ya uzito. Niutoni 60 zinakuwa 420. Naipenda hesabu hii. Haibishani na mtu.

Jumatano, 5 Machi

Magige atanimaliza! Sekunde ishirini tu, mkono unatetemeka. Mtu wa voliboli!

"Prof, hii si kilo sita. Hii ni mbuzi."

Nikamwambia asome chati ya mradi, imeandikwa 6. Mwalimu Onchiri akacheka, akasema kifizikia hakuna kazi iliyofanyika, kwa sababu mzigo haukusogea.

"Basi hili jasho ni la nani, Mwalimu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikamwita mvivu, tena mbele ya watu. Mimi, ambaye huwa siongei!

Jumamosi, 8 Machi

Sokoni na Mama, tukiuza mahindi. Mteja alidai gorogoro yetu imebonyezwa chini. Mama akapima mahindi kwenye mizani ya jirani: kilo mbili kamili. Mteja akalipa, akaenda zake.

Sijui kwa nini, nikaenda kwenye mchanga wa mjengo nyuma ya soko, nikaijaza gorogoro ileile, nikaupima kwenye mizani ya jirani. Kilo nne na gramu mia moja. Nikarudia. Nne na mia moja!

"Kwani mchanga na mahindi ni kitu kimoja?" Mama akauliza. "Mnafundishwa nini huko shule?"

Densiti. Kidato cha kwanza! Mjinga mimi. Gorogoro tatu ni kilo 12.3. Msuli wa Magige umekuwa ukivuta niutoni 861, na mimi namwambia asome chati.

Nikampigia Mwalimu kwa simu ya Mama. Akasema nisiguse chochote. Tukikiri hatukupima tutaondolewa, na shule yetu haijawahi kufika kanda tangu aanze kufundisha. "Nyamaza tu, binti. Hiyo unaiweza."

Hiyo ndiyo imeniuma.

Jumanne, 11 Machi

Homa Bay. Naandika ukumbini, daftari magotini.

Asubuhi nilimwambia Magige yote. Alikunjua mkono, akaukunja.

"Wiki nzima umeniita mvivu."

"Ndio."

"Na sasa?"

Majaji walipofika meza ya jirani nilichukua kalamu nene. Nikakata 6, nikaandika 12.3. Nikakata 420, nikaandika 861. Chini yake: "Hatukupima. Tulidhani." Mwalimu alikuwa mlangoni, amenitolea macho.

Jaji, mama mmoja wa miwani, akauliza nani amechafua chati. Nikainua mkono. Nikamfungulia ripoti, nikaweka kidole juu ya ile sentensi ya mizani.

Amesoma. Ameichukua ripoti, ameenda kuwaita wenzake, na mpaka sasa hawajarudi. Wamesimama pale karibu na dirisha, vichwa pamoja. Mwalimu hanisemeshi. Magige naye ameketi sakafuni, anasugua mkono, hanitazami.

Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake niliweka daftari chini, nikakunja kiwiko, nikakishika kiroba mwenyewe.

Magige akanitazama. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti.

Nilifika sekunde nne tu.