Siku Niliyompeleka Mkwe kwa Mchina

Lindi,
Tarehe 9 Agosti, 1951.

Kwa dada yangu Mwahija binti Saidi,
Kilwa Kivinje.

Shikamoo dada. Naileta shikamoo hii juu kabisa ya karatasi, maana ukifika chini huenda usitake kuniitikia, basi marahaba yangu naidai mapema. Hali yako je, na magoti? Shemeji kile kikohozi kimemwachia? Na wale wajukuu, wameacha kung'oa mihogo ya jirani? Huku nyumbani kwa afya tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye kwa muda wa wiki mbili nala kidogo na kulala kidogo zaidi. Sababu utaikuta humu humu.

Kwanza nina tangazo. Waite jamaa, wakae vizuri, mwenye kofia aivae. Natangaza rasmi ya kwamba mimi, Abilahi bin Saidi, fundi seremala, mwenye umri wa miaka arobaini na saba na meno ishirini na sita, nimekula andazi lililopikwa kwa mvuke. Halikukaangwa wala halikuokwa. Tena nimelila kwa vijiti viwili, navyo nilivishika kama bikari ya kupimia duara, andazi likaruka likaangukia meza ya pili. Huo ndio mwisho wa tangazo, jamaa watawanyike.

Wakishatawanyika, dada, baki usome peke yako.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniuliza kama ni kweli Mchina wa hapa Lindi amemlisha mkwe wetu Tawakali nyama ya nguruwe. Umeniuliza kama ni kweli Tawakali amesimamisha ndoa ya binti yangu Esha. Kisha umenisifu kwa uvumilivu wangu, ukasema mwanamume mwingine angekwisha kumburuta Mchina huyo mpaka kwa Liwali, na kwamba unakuja mwenyewe na watu wa shemeji kuifanya kazi hiyo. Sifa yako imenikwama kooni, haipandi haishuki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Huyo Mchina jina lake ni Bwana Fung. Alikuja kutoka Unguja mwaka wa tatu huu kununua majongoo ya bahari, yale tuliyokuwa tukiyapiga teke utotoni. Akawa anayachemsha, anayaanika na kuyapeleka kwao, ambako inasemekana ni chakula cha harusi. Watu walimcheka wiki nzima, wiki ya pili wakaenda kumwokotea. Mwaka huu mkewe amefungua chumba cha mbele cha nyumba yao, nyuma ya soko, ili watu waingie wale. Ni meza nne tu. Meza na mabenchi nimetengeneza mimi kwa mbao za masanduku yenye chapa ya watu wa mradi wa karanga, na ukiinuka ghafla huenda ukaondoka na neno la Kizungu nyuma ya kanzu. Meza moja inayumba, lakini hiyo ni sakafu.

Pale huletewi sinia. Unaletewa vikapu vidogo vya mianzi, vya duara, vimepandana kama kofia dukani, na ndani ya kila kimoja mna vitu vitatu vilivyofungwa kwa unga mwembamba, unaona mpaka tumboni. Ukifunua, mvuke unakupiga usoni na miwani inakufa. Chai inatangulia chakula, haina maziwa wala sukari, na kikombe hakina mkono. Siku yangu ya kwanza nilidhani wameishiwa, nikajitolea kwenda kuwanunulia sukari. Mke wa Bwana Fung alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Toka siku hiyo nikawa mtu wa pale, kila Jumamosi vikapu vitatu.

Tawakali unamjua. Ukoo wao na wetu ni watani tangu kwa babu. Siku ya msiba wa baba ndiye aliyelala juu ya jeneza, akakataa maiti asitoke mpaka apewe jogoo, na mama akacheka katikati ya kilio chake. Miaka thelathini ameniita mimi mwizi wa kuku, nami nimemwita yeye fisi wa Mchinga, mbele ya watu na nyuma ya watu. Kisha mwanawe Yahya, fundi wa matrekta kule Nachingwea, akaleta posa kwa Esha, tukaipokea. Siku ile ulinikalisha kwenye mkeka ukaniambia: Abilahi, utani umekwisha leo. Mtani amekufa, amezaliwa mkwe, na mkwe hachezewi. Nikaitikia ndiyo dada, ndiyo dada.

Basi Jumamosi ile, si hii iliyopita bali ya kabla yake, Tawakali alikuja Lindi tupange siku ya nikahi, iwe Mfungo Tatu baada ya Idi Kubwa. Mama Esha alikuwa amekwisha kuchinja. Akaniambia mkwe hulishwa nyumbani. Nikamjibu kwamba yeye hajui mambo ya sasa, nami nataka mkwe akaone kwamba binti anatoka kwa mtu wa mjini. Mama Esha akanitazama kama mimi ninavyoitazama mbao iliyopinda.

Tukaenda. Tawakali amevaa kanzu iliyonyooka, mimi nimevaa koti. Dada, kumbe adabu ni kazi ngumu! Watu wawili waliotukanana miaka thelathini tumekaa kama wageni wa Liwali. Karibu chai, mkwe. Ahsante, mkwe. Mvua zilikuwa nzuri, mkwe? Alhamdulillahi, mkwe. Kisha tukawa tunasikiliza vikapu vikipumua jikoni. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha kamba. Tawakali aliviacha vijiti akatumia mkono, akatafuna, macho yakamtoka. Akala cha pili, akala na cha kwangu, akaomba radhi. Kikapu cha pili kilikuwa cha mboga, nacho hakikukaa. Nikaona harusi imekwisha kufana kabla ya ngoma.

Kikapu cha tatu kilipofika alikula kimoja chote, akauliza kwa heshima ndani yake mna nini. Pale mezani likasikika neno nguruwe.

Mpaka leo nikifumba macho namwona. Alikigandisha cha pili hapa, karibu na ndevu. Akamwuliza Bwana Fung kama ni kweli. Bwana Fung akatabasamu akaitikia kwa kichwa mara tatu. Benchi likaanguka. Tawakali, mtu mzima, mwenye wajukuu, alitoka mbio akashika ukuta wa soko, akatia vidole kooni mbele ya wauza nazi na watoto na mbuzi. Alilia, dada. Sijawahi kumwona akilia, hata msibani kwake. Mtu mmoja akaleta maji, mwingine akaleta mchanga, wakamsukutua mara saba. Mimi nilisimama mlangoni na kijiti kimoja mkononi.

Kabla ya alasiri mji mzima ulikuwa umepata habari. Kesho yake akaja mjumbe kutoka Mchinga: ndoa isimame, Tawakali hawezi kuoza mwanawe nyumba ya mtu anayempeleka mkwe kula haramu.

Esha halii. Afadhali angelia. Ile mito aliyokuwa akiitarizi ameikunja akaisukuma chini ya kitanda, na akiniletea maji ya kunawa hunitazama mikono, hanitazami uso. Kwa Bwana Fung hakuna anayeingia. Mlango wake umepakwa matumbo ya samaki mara nne, na kila asubuhi mkewe anausugua. Watu wameandika karatasi ya kumwomba Bwana DC amnyang'anye leseni, na wameniletea mimi nitangulie kutia saini, kwa kuwa ndimi shahidi. Iko hapa mezani, mkono wa kushoto wa barua hii.

Sasa nikueleze habari ya Sipriani. Ni jirani yangu, Mmakonde, Mkatoliki, karani wa mizani sokoni, mtu wa kupenda tumbo lake. Aliposikia kwamba nguruwe anapatikana nyuma ya soko alimshukuru Mungu wazi wazi, akavaa shati safi akaenda. Akaagiza nguruwe. Akaletewa samaki. Akarudisha, akasema hapana, nguruwe. Bwana Fung akafurahi, akamletea samaki mwingine, mkubwa zaidi. Mara ya tatu Sipriani aliingia jikoni mwenyewe, akafunua kila sufuria na kila kikapu, mke wa Bwana Fung akimfuata na mwiko. Hakukuta hata ukucha. Akaja kwangu amekasirika kama mtu aliyedhulumiwa urithi, akaniambia: Abilahi, yule hana nguruwe na hajapata kuwa naye. Ana nguru tu, na kila ukimwambia nguruwe anakuletea nguru. Kisha akaniuliza polepole kama kweli siku ile nilisikia vizuri.

Dada, kaza moyo. Nilisikia vizuri.

Nguruwe hakuwapo. Ndani ya kikapu cha tatu mlikuwa na nguru aliyesagwa kwa kitunguu na tangawizi, na nguru huyo nilikwenda kumnunua mimi na Bwana Fung asubuhi ile ile, nikamfunua mashavu mwenyewe kutazama wekundu, maana nilitaka mkwe ale kitu cha siku hiyo. Tawakali alipouliza, Bwana Fung alimjibu sawasawa: Ngulu. Ndivyo ulimi wake unavyoweza. Tawakali hakulishika neno, akanigeukia mimi nimfasirie.

Na mimi nilikuwa nimeshiba. Nimefurahi. Nimechoka na ahsante mkwe, karibu mkwe. Nikamtazama, na niliyemwona hakuwa mkwe, nilimwona fisi wangu wa Mchinga na mafuta kidevuni. Nikasema: Nguruwe huyo, Tawakali, kula, ndicho kitoweo cha kwenu!

Herufi mbili, dada. Mchina alisema nguru, na hiyo "we" nimeitia mimi.

Kwa mtani lingekuwa si neno. Angenijibu kwamba ikiwa ni nguruwe basi ni binamu yangu, tungecheka mpaka chai itoke puani. Lakini yeye alikuwa amekuja kama mkwe, na alidhani mimi pia nimekuja kama mkwe. Mkwe hamtanii mkwe. Kwa hiyo nililosema haliwezi kuwa mzaha, lazima ni kweli. Ndivyo alivyofikiri, na alifikiri sawa. Heshima yake ndiyo iliyomwingiza shimoni. Akamwuliza Bwana Fung, ni kweli asemavyo huyu? Naye Bwana Fung, aliyedhani anaulizwa habari za samaki wake, akaitikia kwa furaha.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bwana Fung nikamweleza. Ilichukua muda kwa Kiswahili chake na mikono yangu. Alipoelewa alimwita mkewe akamwambia kwa lugha yao, mama yule akaingia jikoni akafunga mlango. Bwana Fung akainua benchi langu akaliweka nje barabarani, akarudi akaweka la pili. Akaniambia meza atabaki nazo, lakini mimi nitoke. Nikayabeba mabenchi kichwani, moja moja, nikipita katikati ya soko. Walioniuliza niliwajibu. Karatasi ya Bwana DC sikuitia saini, na kesho kabla ya jua kupanda nitawarudishia wenyewe na maneno haya haya.

Kisha napanda lori la chumvi kwenda Mchinga. Kesho ni Ijumaa. Watu wakitoka msikitini nitasimama nje, nimwambie Tawakali mbele yao kwamba hakula haramu, alikula samaki na uongo wangu. Akitaka kunitoza, anitoze. Akitaka kunipiga, niko chini ya mkono wake. Sijui kama ndoa itarudi. Nakuomba usiende kwa Liwali, na watu wa shemeji wabaki na fimbo zao. Lakini wewe njoo, dada. Ndoa ikirudi, Esha atahitaji shangazi, na isiporudi atahitaji zaidi.

Liko moja nimebakiza, ambalo sikumwambia Sipriani wala Bwana Fung. Kabla benchi halijaanguka, Tawakali alinitazama tena. Hakunitazama macho, alinitazama mdomo. Miaka thelathini anaujua. Alikuwa anangoja nicheke. Ningecheka hata kidogo, hata puani, angejua ni utani, angekasirika siku mbili na kunitoza mbuzi, mambo yangekwisha. Muda ulikuwapo, dada. Nilipata hata muda wa kufikiri. Nilifikiri kwamba nikicheka nimekiri kumtukana mkwe mbele ya watu, na aibu ni yangu. Na nikinyamaza aibu itamwendea Mchina, ambaye katika mji huu hana shangazi wala mjomba wa kumtetea. Nikaufunga mdomo. Sikushikwa na butwaa kama nilivyowaambia watu. Nilichagua.

Mama Esha anakusalimu, yeye anajua tangu jana na ameninyima maneno mpaka sasa. Esha hakutoka nje leo, hajui bado. Nitamwambia nikimaliza kuandika hapa, kabla sijawaambia wa Mchinga. Msalimie shemeji, wape pole majirani kwa mihogo yao, na umbusu yule mdogo mwenye jino moja.

Marahaba yangu ukiwa bado unayo, niwekee.

Ni mimi mdogo wako,
Abilahi bin Saidi.